Namba ya mtu, Lipa Namba, kadi au mzigo kwanza: njia ipi inakulinda ukinunua mtandaoni?

Ukurasa wa Instagram una wafuasi 100,000, picha zimepigwa vizuri, na chini ya kila picha ya simu kuna mtu ameandika "nimepokea mzigo wangu, Mungu awabariki". Simu ambayo Kariakoo haishuki shilingi 600,000, hapa ni 350,000, na ofa inaisha leo saa sita usiku. Karibu kila mtu atakushauri uchunguze duka: soma maoni, tazama ukurasa ulifunguliwa lini, tafuta alama ya kufuli kwenye tovuti. Siupingi ushauri huo. Ila wafuasi wananunuliwa, maoni yanaandikwa na wauzaji wenyewe, na kurasa za zamani huibwa kwa wenyewe zikabadilishwa jina usiku mmoja. Tapeli ana muda wote wa kupamba duka. Kinachomshinda kupamba ni njia ya malipo, maana hapo ndipo anapopatia riziki: anataka pesa itoke kwako, ifike kwake, na katikati pasiwe na mtu wa kusema "subiri kwanza".

Kwa hiyo hapa maduka nimeyaacha, nalinganisha njia za kulipa, kwa swali moja tu: pesa ikishatoka kwako, nani bado anaweza kuishika? Mifano mingi ni ya Tanzania. Kenya nitaitaja pale mambo yanapotofautiana.

Kufuli kwanza, tulimalize

Kufuli maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hayasomwi njiani. Halisemi mwenye tovuti ni nani. Tangu Let's Encrypt ianze kugawa vyeti bure mwaka 2015, tapeli anapata kufuli ndani ya dakika chache bila kutoa hata senti, na Google ilipoona watu wanaliamini kupita kiasi ikaliondoa kwenye Chrome Septemba 2023. Chenye faida zaidi ni kusoma anwani ukianzia nyuma: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi kushoto. Maneno yanayougusa mkwaju huo ndiyo yanayomtambulisha mwenyewe. Anwani ajira.go.tz ni ya serikali kwa sababu inaishia go.tz, na hiyo haiuzwi kwa mtu binafsi. Kenya ni go.ke. Maneno hayohayo yakiungwa kwa vistari na kumaliziwa .com au .online, tovuti ni ya yeyote aliyelipia. Hata co.tz hununuliwa na mtu yeyote, kwa hiyo usiipe heshima isiyo yake.

Kutuma kwenye namba ya mtu

Njia iliyozoeleka, na dhaifu kuliko zote. Muuzaji anakupa namba, anakwambia "tuma na ya kutolea", unatuma, kwisha. Pesa inaingia kwake sekunde hiyohiyo na anaweza kuitoa kwa wakala wa mtaa anaokaa kabla hujafunga WhatsApp. Ni sawa na kumpa noti muuza korosho kupitia dirisha la basi huku dereva ameshaanza kuondoa gari: ukipata korosho, ni uungwana wa muuzaji.

Watu hujifariji kwa mambo mawili. La kwanza ni jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Lina thamani yake: ukurasa ukidai ni duka la dada wa Sinza halafu likatokea jina la mzee wa kiume usiyemjua, simama hapo. Usikubali maelezo ya "hiyo ni namba ya mhasibu" wala "laini yangu imejaa". Lakini jina kufanana na la muuzaji si ushahidi kwamba ni mkweli. Laini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020, hata hivyo laini zilizosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine bado zinazunguka mtaani. Bibi aliyesajiliwa laini mbili "kwa bahati mbaya" na kijana mwenye meza barabarani hajui kama moja inakusanya pesa za simu hewa. (Tukiwa hapohapo, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.)

La pili ni kurudisha muamala. Kenya unasambaza ujumbe wa M-PESA kwenda 456. Tanzania unapiga 100. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, na inafanya kazi pale pesa inapokuwa bado imelala kwenye akaunti ya mpokeaji. Tapeli hailazi. Hata angeilaza, mtandao wa simu utakuuliza: ulikosea namba au ulimlipa kwa hiari yako? Ukisema ulimlipa, umeingia kwenye mgogoro wa biashara ambao mtu wa huduma kwa wateja hana mamlaka ya kuuamua.

Wauzaji wakweli wanaotumia namba zao binafsi wapo, tena ni wengi, na baadhi ni watu ambao ningenunua kwao kesho. Udhaifu ni wa njia yenyewe: haimpambanui mkweli na mwongo mpaka uwe umeshaliwa.

Lipa Namba na Till

Hizi ni namba za malipo zinazosajiliwa kwa biashara: Lipa Namba kwa Tanzania, Till kwa Kenya. Hapa unapanda ngazi moja. Jina linalotokea ni la biashara, kuna mtu wa mtandao au benki aliyepokea maombi na nyaraka za mwenye nayo, na hakuna habari ya kuongeza ya kutolea. Muuzaji aliyejisumbua kupata Lipa Namba ana anwani ya namna fulani na ana kitu cha kupoteza ikifungiwa. Kwa duka la nguo la Makumbusho linalotuma mzigo kwa bodaboda, mimi hiyo inanitosha.

Isikulevye lakini. Pesa bado inafika kwake moja kwa moja, hakuna anayeishikilia mpaka ufungue boksi. Ulichopata ni urahisi wa kumtafuta baadaye.

Kenya kuna mitego miwili inayofanana na Till bila kuwa Till. Pochi la Biashara ina sura ya kibiashara, ila imejengwa juu ya namba ya simu ya mtu, ihesabu hivyo. Paybill ya benki nayo, ile unayoweka namba ya biashara halafu namba ya akaunti, mara nyingi hutanguliza jina la benki. Jina la benki kubwa linatuliza moyo, kumbe akaunti iliyo nyuma yake inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyefungua juzi.

Mzigo kwanza, pesa baadaye

Ukiwa mji mmoja na muuzaji, usibishane sana: hii ndiyo bora. Bodaboda anafika, unafungua, unawasha, unalipa. Pesa haijatoka, kwa hiyo swali langu la mwanzo halina hata pa kuulizwa.

Matapeli wanalijua hilo na wameipindua njia hii namna mbili. Moja ni nauli: "mzigo unalipia ukifika, wewe tuma 10,000 ya bodaboda tu". Baada ya nusu saa bodaboda amekamatwa na trafiki, inatakiwa 15,000 nyingine, na wewe unalipa kwa sababu umeshatoa ya kwanza. Duka la kweli linaongeza nauli kwenye bei na kuidai mlangoni. Ya pili ni boksi lililofungwa. Dereva anasema hana ruhusa ya kukufungulia, lipa kwanza. Nusu ya ulinzi wako iko kwenye kufungua. Ukiambiwa huruhusiwi, umerudishwa kwenye namba ya mtu, tofauti ni kwamba tapeli amekuja mpaka getini. Kubalianeni kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka kwamba utafungua na kuwasha. Akikataa, umepata jibu bure.

Shida kubwa ya njia hii ni mikoani. Mtu wa Sumbawanga anayenunua Kariakoo hana bodaboda. Mzigo unapanda basi, na muuzaji anataka pesa yote kabla ya kuupakia. Siwezi kumlaumu. Na yeye ameshakutana na wateja walioagiza, mzigo ukafika stendi, simu ikazimwa. Ila hapa ndipo picha ya risiti ya basi ilipogeuka kuwa silaha. Risiti moja ya kweli hupigwa picha ikatumiwa watu wengi, jina limefunikwa na kidole. Usiitazame picha, ipigie simu ofisi ya basi, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si ile ya kwenye risiti, uwasomee namba ya mzigo na jina lako. Wakisema upo, ndipo utume kilichobaki. Malipo ya nusu kwanza na nusu baada ya kuthibitishiwa na ofisi ya basi ni makubaliano ambayo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo huyakubali mteja akiongea vizuri. Njia nyingine ni ndugu. Ukiwa na mdogo wako anayesoma Dar, mpe nauli ya daladala aende dukani akashike simu kwa mkono wake. Hakuna programu ya kompyuta inayomshinda.

Muuzaji naye aelewe kwamba njia hii ina mwizi wa upande wa pili: mteja anayekuonyesha ujumbe wa malipo uliotungwa. Ujumbe halisi unaingia kwenye mlolongo uleule wenye jina la huduma, si kutoka namba ya kawaida ya simu. Tazama salio, usitazame ujumbe.

Kadi: ya benki au ya kwenye simu?

Kadi ndiyo njia pekee kati ya hizi ambayo mtu wa kati anaweza kuirudisha pesa *baada* ya kufika kwa muuzaji. Bidhaa isipokuja, unalalamika kwa benki iliyokupa kadi, benki yako inaifuata benki ya muuzaji, na muuzaji anatakiwa kuleta ushahidi. Kwa Visa muda wa kawaida wa kufungua dai kama hilo ni siku 120. Watu wengi hawalijui, na baadhi ya wafanyakazi wa kaunta hawalijui pia, kwa hiyo usikubali kuambiwa "ongea na muuzaji mwenyewe". Omba fomu ya kupinga muamala, ambatanisha oda, mazungumzo na tarehe uliyoahidiwa mzigo.

Kuna jambo hapa linachanganywa sana. Ukiwa umeweka tarakimu za uthibitisho zilizokuja kwa SMS, kudai kwamba "si mimi niliyelipa" kunakuwa kugumu mno. Lakini kudai "nililipa na sikupokea" ni dai jingine kabisa, na zile tarakimu haziliui. Chagua dai lililo la kweli. Anayedanganya kwa kuchagua la kwanza huharibu la pili.

Udhaifu wa kadi uko upande wa pili. Ukituma pesa kwa namba ya mtu na hukumpa mtu namba yako ya siri, hasara yako inaishia kwenye kiasi ulichotuma. Ukiingiza kadi kwenye tovuti bandia, umeacha ufunguo. Leo watakata 40,000, kesho kutwa watajaribu salio lote. Ndiyo maana kadi ya mshahara isiingie kwenye tovuti usiyoijua, hata kama bei inaliza.

Hapo ndipo kadi ya kwenye simu inapofaa. Safaricom na Visa walizindua M-PESA GlobalPay Kenya Juni 2022, na Tanzania M-Pesa nayo ina kadi ya Visa isiyo ya plastiki. Unaitengeneza kwenye simu, unalipa, unaisimamisha. Wengi husahau kitu kimoja: kadi hii inavuta kwenye salio la pochi yako. Ukiwa na milioni mbili za kikoba humo ndani, tovuti bandia inazifikia zote. Hamisha kwanza zisizohusika, bakiza kiasi cha manunuzi na makato yake, lipa, kisha isimamishe kadi. Pia inakuokoa na zile huduma za "jaribu bure mwezi mmoja" ambazo zikishakupata haziachi.

Majukwaa yanayoshika pesa

AliExpress na wenzake wanafanya kazi ambayo mtandao wa simu haufanyi: wanaikalia pesa mpaka mzigo ufike. Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019, ila kwa wasomaji wa Kenya na Uganda ipo. Kwenye jukwaa la aina hii huhitaji kumwamini muuzaji, unahitaji kuziamini kanuni za jukwaa na kukaa ndani yake. Ndiyo sababu muuzaji mbaya wa humo ana ombi moja tu: "njoo WhatsApp nikupunguzie". Punguzo hilo ndilo bei ya ulinzi wako.

Waagizaji wa China wana mtego wao, na sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Ukinunua kwa anwani ya ghala la wakala wa kago Guangzhou, jukwaa linahesabu mzigo umefika siku ulipopokelewa *ghalani*. Saa ya kulalamika inaanza kukimbia huku mzigo wako haujapanda hata meli. Ukifungua boksi Dar baada ya wiki nyingi za baharini na kukuta viatu vyote vya mguu wa kushoto, dirisha limeshafungwa. Mlipe wakala kidogo afungue na kupiga picha palepale ghalani, na usibonyeze kitufe cha kuthibitisha kupokea kabla ya picha hizo.

Gari la Japani ni habari nyingine

Kiasi kikiwa cha milioni nyingi, malipo hupita benki hadi benki, na hayo yana tabia ya namba ya mtu: yakifika yamefika. Kinga yako yote iko kabla ya kulipa. Tazama kama kampuni imo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji nje wa magari yaliyotumika wa Japani. Jina la mwenye akaunti liwe la kampuni, na benki iwe Japani. Kampuni ya Yokohama inayotaka ulipe akaunti ya mtu binafsi katika nchi ya tatu haikuuzii gari.

Na hata kampuni ikiwa halali, kuna wizi wa ankara: barua pepe ya kampuni au yako inadukuliwa, wezi wanasubiri mkubaliane bei, kisha unapokea ankara ileile, nembo ileile, namba ya akaunti mpya, "akaunti yetu ya zamani inakaguliwa". Akaunti ikibadilika, usijibu barua hiyo; ipigie kampuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yao rasmi. Ndugu walioko Muscat au London wanaotuma pesa za gari au kiwanja nyumbani waifuate kanuni hiyohiyo, hata kama ujumbe wa akaunti mpya umetoka kwenye WhatsApp ya kaka yao. Mpigie, usikie sauti yake.

Anayetaka ulipe kwa USDT, sarafu ya kidijitali, kwa ajili ya bidhaa ya kawaida, au kwa "kufungua ngazi" ya kazi ya kulaiki video, sihitaji kumlinganisha na chochote.

Mimi ningelipa hivi

Simu iliyotumika, muuzaji yuko mji wangu: mzigo kwanza, kuwasha, ndipo Lipa Namba. Akikataa vyote viwili, simu hiyo si yangu. Nguo au vipodozi vya elfu kadhaa kutoka duka ambalo rafiki ninayemjua ameshanunua: namba ya mtu haina neno, na nikipoteza nimepoteza kinachovumilika. Mzigo wa mkoani: nusu kwa nusu kupitia ofisi ya basi. Tovuti ya nje ninakonunua kwa mara ya kwanza: kadi ya kwenye simu yenye salio la kiasi hicho tu. Tiketi ya ndege au kitu ambacho kitachelewa miezi: kadi ya benki, kwa kuwa haki ya kudai ina thamani zaidi pale muda ulipo mrefu, lakini kwenye tovuti ya shirika lenyewe niliyoiandika kwa mkono, si kiungo cha tangazo.

Kama pesa imeshaondoka, utaratibu wa hatua ni muhimu kuliko kasi ya kulia. Piga 100 kwanza waizuie kama bado ipo; Kenya, sambaza ujumbe wa M-PESA kwenda 456. Kwa kadi, iambie benki iifunge kisha ufungue dai. Halafu polisi upate RB, yaani namba ya taarifa uliyotoa, au namba ya OB kwa Kenya, maana mara nyingi mtandao haugusi akaunti ya mtu mwingine kwa maneno yako matupu. Sambaza ujumbe wa tapeli kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Wa Safaricom kwenda 333. Na ukiulalamikia mkasa wako hadharani, jiandae: ndani ya saa chache atakuja mtu mpole kwenye ujumbe wa faragha anayesema anaweza kukurudishia pesa yote, akishapata ada ndogo ya kufungulia faili.